Mashuhuri Wasiowahi Kuzaliwa

Wapo watu Marekani, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi, ambao wakishatoka kazini jioni hufungua kompyuta na kuongoza timu ya besiboli isiyo na uwanja, isiyo na jezi, wala mchezaji hata mmoja mwenye pumzi. Wachezaji wametungwa na programu. Imewapa majina, umri, mji wa kuzaliwa na mkono wa kurushia mpira. Programu hiyohiyo hucheza mechi za msimu mzima na kuandika kila pigo. Ligi ikishakwenda misimu ishirini hivi, muda ambao kwa kalenda ya ukutani huwa mfupi zaidi, wale vijana wa mwanzo huwa wamezeeka na kustaafu. Ndipo mameneja wanapopiga kura kuamua nani aingie katika jumba la mashuhuri la ligi yao. Hubishana hasa. Hukumbushana fainali za zamani, nani alipiga na nani alishindwa. Aliyechaguliwa huandikiwa wasifu wenye utoto wake, msimu alioumia bega, na siku aliyouaga mchezo.

Mtu wa nje akiona hayo atacheka, na ana haki. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa pete ipo, chanda hakipo. Lakini akimaliza kucheka hubaki na swali lisilo la mchezo: heshima ile inamwendea nani? Mchezaji hayupo wa kuipokea. Hana mama wa kumpigia simu, hana mtaa utakaomlaki kwa vigelegele. Nimelizungusha swali hilo mara nyingi na kila mara naishia palepale: jumba la mashuhuri, liwe la kweli au la kubuni, hutoa habari za waliopiga kura kuliko za waliopigiwa. Katika ligi ya kubuni jambo hilo linaonekana waziwazi kwa kuwa upande wa pili hakuna mtu.

Besiboli hasa ndiyo iliyowezesha haya, kwa sababu ni mchezo unaohesabika kuliko karibu mchezo mwingine wowote. Mrushaji anasimama pake, mpigaji anasimama na gongo lake, na kila pambano lao lina mwanzo na mwisho: ama mpigaji amefika kituo cha kwanza, ama ametolewa. Mpira wetu wa miguu hauandikiki hivyo. Pasi inazaa pasi, na mkibishana bao lilianzia kwa nani mtakesha.  

Kwa hiyo Wamarekani walianza kuuiga mchezo huu mezani kabla kompyuta haijaingia majumbani. Mwaka 1951 Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, alianza kuuza APBA, mchezo wa kadi na dadu. Miaka kumi baadaye Hal Richman wa New York alitoa Strat-O-Matic, ambao msingi wake aliutunga akiwa mtoto wa miaka 11. Kila mchezaji ana kadi yenye safu tatu za matokeo. Zinarushwa dadu tatu: moja inaamua isomwe kadi ya mpigaji au ya mrushaji na safu ipi, na jumla ya mbili zilizobaki inaonyesha mstari. Aliyefanya vizuri katika msimu wa kweli ana mistari mizuri mingi, basi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Markus Heinsohn akatoa Out of the Park Baseball, programu ya kompyuta yenye uwezo wa kuzaa wachezaji wake yenyewe, kizazi baada ya kizazi, na kuwatunzia kumbukumbu hadi kustaafu. Ligi nyingi ninazozizungumzia hapa zinaishi ndani ya programu hiyo.

Kuna mmoja katika ukoo huu ambaye hakuuza kitu. Jack Kerouac, anayejulikana duniani kwa riwaya yake ya mwaka 1957, On the Road, alitunga ligi ya besiboli akiwa kijana huko Lowell, Massachusetts, na akaendelea nayo hata utu uzimani bila watu wengi kujua. Timu kadhaa alizipa majina ya magari: Pittsburgh walikuwa Plymouth, Boston walikuwa Ford. Aliandika taarifa za ligi hiyo kama mwanahabari aliyetumwa uwanjani, na leo karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Siwezi kusema alipoteza muda. Anayecheza peke yake usiku, matokeo yakamwendea vibaya mchezaji anayempenda, yuko mbele ya mtihani ambao wengi wetu huushindwa hata penye mashahidi. Nani atajua akirudia kurusha dadu? Robert Coover aliliona hilo, akaliandikia riwaya mwaka 1968. Mhusika wake ni mhasibu mpweke, Henry Waugh, mwenye ligi ya dadu nyumbani kwake. Dadu zinamuua mrushaji kijana aliyempenda kuliko wote, naye anaingia katika msiba wa kweli, msiba usio na maiti. Mwishowe anageuza dadu kwa mkono wake ili kulipa kisasi. Tangu hapo ligi si ligi tena, na yeye si mtunza kumbukumbu tena.

Jumba la mashuhuri la kweli liko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York. Wa kwanza watano walichaguliwa mwaka 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Milango ilifunguliwa mwaka 1939. Kwa taratibu za sasa mchezaji awe amecheza misimu 10 na kustaafu kwa miaka 5. Wanahabari wenye uanachama wa miaka 10 katika chama chao cha waandishi wa besiboli ndio wanaopiga kura, kila mmoja akiruhusiwa majina yasiyozidi 10, na anayeingia ni yule aliyepata asilimia 75. Utaratibu mzuri kabisa. Sasa tazama ulivyotumika. Mwaka 1936 walipiga kura watu 226. Babe Ruth, ambaye hata asiyeijua besiboli huenda amelisikia jina lake, alipata 215. Watu 11 walikaa wakachagua wachezaji bora wa enzi zao na enzi zilizotangulia, wakaona Ruth hatoshi. Habari hiyo haimhusu Ruth hata kidogo. Inawahusu hao 11.

Mchezo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 80. Mtu wa kwanza kupata kura zote alikuwa mrushaji Mariano Rivera wa Panama, mwaka 2019. Mwaka uliofuata Derek Jeter alipata 396 kati ya 397, na mwaka 2025 Mjapani Ichiro Suzuki alipata 393 kati ya 394. Kila mara kuna mtu mmoja. Huenda ana sababu nzuri. Huenda anataka tu mlango usifunguke bila kubishwa. Mimi namchukulia kama yule mzee wa kikao ambaye wote wakiafiki lazima yeye akohoe.

Kanuni za Cooperstown zinamtaka mpiga kura atazame si rekodi pekee bali pia uaminifu, uanamichezo na tabia ya mchezaji. Hapo ndipo moto unapowaka. Barry Bonds alipiga homurani 762, yaani mapigo ambayo kwa kawaida hupeleka mpira nje ya uzio, idadi isiyofikiwa na mwingine katika ligi kuu. Wanahabari walimnyima kura za kutosha kwa miaka yote 10 aliyoruhusiwa, akaishia asilimia 66 mwaka 2022, kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Pete Rose ana mapigo 4,256, mengi kuliko yeyote. Alifungiwa mwaka 1989 kwa kucheza kamari juu ya mechi, zikiwemo za timu aliyoifundisha mwenyewe, na alikufa mwaka 2024 akiwa bado amefungiwa. Kamishna alimtoa kifungoni Mei 2025, alipokuwa kaburini. Lakini Cap Anson, mmoja wa waliotia nguvu zao kuwazuia Weusi wasicheze na Wazungu katika karne ya 19, aliingia mwaka 1939 bila taabu. Tabia ilipimwa, ndiyo. Ilipimwa kwa mizani ya waliokuwa wameishika.

Hata hivyo kigezo cha tabia kina uso wake wa pili, na nisipousema nitakuwa nimeonea. Roberto Clemente wa Puerto Rico alimaliza msimu wa 1972 akiwa na mapigo 3,000 kamili. Usiku wa Desemba 31 mwaka huo alipanda ndege iliyojaa misaada ya waliokumbwa na tetemeko la ardhi Nikaragua, na ndege ikaanguka baharini. Cooperstown ilifuta kwa ajili yake sharti la kungoja miaka 5, na wapiga kura zaidi ya asilimia 90 wakamwingiza mwaka 1973. Mchezaji wa programu hadungwi sindano, hachezi kamari. Ndege ile pia hawezi kuipanda. Wanaosema ligi za kubuni ni safi kuliko za kweli huwa wanasahau nusu hiyo ya pili.

Sasa nikae kidogo na Josh Gibson, maana kwake swali lote linageuka.

Gibson alikuwa mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, katika ligi za Weusi zilizoendeshwa kando kwa sababu ligi kuu ziliwafungia mlango. Alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35. Aprili 15 ya mwaka huohuo Jackie Robinson alicheza mechi yake ya kwanza na Brooklyn Dodgers, na ukuta ukaanguka. Miezi mitatu tu. Kwa Cooperstown Gibson hakuwa amekataliwa kwa kura; hakuwamo hata katika orodha. Asiyekuwepo na lake halipo, na ligi za Weusi hazikuwa na fedha za kutunza takwimu kama za Wazungu. Matokeo yao yalitawanyika katika kurasa za magazeti ya Weusi, mengine yakapotea. Mwaka 1966 Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote, alipokuwa akipokea heshima yake Cooperstown alisimama akasema kwamba Josh Gibson na mwenzake wa ligi za Weusi, Satchel Paige, nao wanastahili kuwamo. Hakuna aliyemtuma. Mwaka 1971 wakuu walikubali, lakini walitaka Weusi wawekewe sehemu yao ya pekee ndani ya jumba. Watu wakachachamaa, mpango ukafutwa, Paige akaingia kama wengine. Gibson alifuata mwaka 1972.

Bamba la shaba la Gibson linasema alipiga karibu homurani 800 katika mechi za ligi na zisizo za ligi. Za ligi zilizothibitishwa kwa maandishi hazifiki 200. Kati ya namba hizo mbili kuna mechi ambazo kweli zilichezwa, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hakuna aliyehifadhi karatasi. Mchezaji wa kubuni asiyejulikana hata kwa mameneja wa ligi jirani ana kila pigo lake kwenye faili. Gibson, mtu wa nyama na damu, hana. Katika habari yote hii hilo ndilo linalonikera zaidi.

Na bado watu wa kadi na dadu ndio waliompa baadhi ya haki yake mapema. Mwaka 2009 Strat-O-Matic ilitoa kadi za wachezaji zaidi ya 100 wa ligi za Weusi, zilizotokana na utafiti wa magazeti ya zamani. Tangu hapo mtu sebuleni kwake aliweza kumkutanisha Gibson na Walter Johnson, pambano ambalo uhai wao haukuliruhusu. Ligi kuu ya besiboli ilingoja hadi Desemba 2020 kutamka kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu kama nyingine, na hadi Mei 2024 kuziingiza takwimu za ligi hizo katika vitabu rasmi. Siku hiyo Gibson alimpita Ty Cobb kwa wastani wa kupiga, .372 kwa .367. Hakupiga mpira hata mmoja zaidi. Alikuwa na miaka 77 kaburini. Kilichobadilika ni waliokuwa wakihesabu.

Nirudi kwenye ligi zetu zisizo na watu. Programu inaweza kuteua mashuhuri yenyewe: weka kiwango, na anayekivuka anaingia. Ni haki, ni haraka, hakuna ugomvi. Lakini ligi nyingi zenye mameneja binadamu hazitaki. Wanataka kura. Ukisikiliza hoja zao utasikia maswali yaleyale ya Cooperstown. Yupi bora, aliyewaka misimu sita kisha akazimika, au aliyekuwa mzuri wa kadiri kwa misimu kumi na nane? Aliyepiga katika uwanja mdogo, ambako mpira huvuka uzio kirahisi, apunguziwe? Meneja ampigie kura mchezaji wake mwenyewe, au ajitoe kama hakimu mwenye ndugu kizimbani?

Linalonifurahisha kuliko yote ni habari ya uaminifu. Ndani ya Out of the Park kila mchezaji ana namba za tabia: namba ya uaminifu kwa klabu, namba ya tamaa ya fedha, namba ya uongozi, namba ya bidii. Ndoto ya kila mpiga kura wa Cooperstown, tabia iliyopimwa na kuandikwa! Ungetarajia mameneja waisome na kura ziishe. Hawafanyi hivyo. Wakimsifu mtu kwa uaminifu, husema alibaki na timu hata ilipokuwa ya mwisho misimu mitatu mfululizo. Wanajua fika kwamba hakubaki kwa hiari; hesabu ndiyo iliyombakiza. Lakini wao walikuwa pale misimu hiyo mitatu. Wao ndio waliofungua kompyuta kila jioni kuona kipigo kipya, na jina lake lilikuwa katika orodha pamoja nao. Uaminifu wanaousifu ni wao.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ulitokea mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa korona. Studio iitwayo The Game Band ilianzisha Blaseball, ligi ya besiboli ya mtandaoni yenye vichekesho na vitisho, ambamo waamuzi waliweza kumteketeza mchezaji kwa moto katikati ya mechi. Waliokufa waliwekwa katika ukumbi wao, na mashabiki waliwatolea karanga kama sadaka ya kumbukumbu. Hao mashabiki ndio waliowapa wachezaji sura, ukoo na nyimbo; studio ilitoa majina na namba tu. Wa kwanza kuungua alikuwa mrushaji wa Seattle, Jaylen Hotdogfingers. Mashabiki wakagundua mwanya katika kanuni za ligi, wakaungana maelfu kwa maelfu, wakamrudisha uhai. Alirudi na deni. Baadhi ya wapigaji waliogongwa na mipira yake waliteketea baadaye. Upendo wa umma ulikuwa umemfufua mmoja na kuua wengine, na wapenzi wa wale wengine waliomboleza kwa dhati. Ligi ilifungwa mwaka 2023. Kwangu mimi Blaseball inasema kweli moja chungu kuliko Cooperstown: kumpandisha mtu kuna gharama, na mara nyingi hailipwi na wanaopandisha. Kwa kila Anson aliyepewa bamba mapema, kuna mtu wa upande wa pili aliyelilipia.

Buck O'Neil alilipa. Alicheza na kufundisha Kansas City Monarchs, kisha akatumia uzee wake kuwasimulia Wamarekani habari za ligi za Weusi. Mwaka 2006 kamati maalumu iliteua watu 17 wa ligi hizo kwa mpigo, akiwemo Effa Manley, mwanamke wa kwanza Cooperstown. Wengi walitarajia O'Neil awemo. Hakuwamo. Kipindi hicho alikuwa na miaka 94. Alikwenda Cooperstown hata hivyo, akapanda jukwaani kuwasemea wale 17, wote marehemu, akawaimbisha waliohudhuria. Miezi michache baadaye akafa. Walimwingiza mwaka 2022. Mtu aliyenyimwa pete akaenda kuwavisha wenzake: sijui kipimo bora cha tabia kuliko hicho, na wala hakikuwa katika fomu ya kura.

Jambo moja la mwisho, la vitendo. Mwaka 2016 chama cha wanahabari wa besiboli kilipitisha kwa kura nyingi kwamba kila karatasi ya kura ya Cooperstown iwekwe hadharani. Uongozi wa jumba ukakataa, na hadi leo asiyetaka kujulikana hajulikani. Ninyi mnaoendesha ligi za dadu na za kompyuta hamna uongozi wa kuwazuia. Mkimwingiza mchezaji, andikeni kando ya jina lake nani alimpigia kura, nani hakumpigia, na kila mmoja alitoa sababu gani. Mchezaji wenu hatazisoma. Atakayeirithi ligi baada yenu atazisoma.